Kodi ya mwezi si faida: hesabu ambazo matangazo ya nyumba za kupangisha hayazitaji

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo kuhusu nyumba za kupangisha. Kurasa za matangazo, za gazeti lako na za mengine, zimejaa ahadi moja inayorudiwa kwa maneno tofauti: nunua nyumba, weka wapangaji, kodi italipa mkopo, nawe ukae upokee. Anayeisoma mara nyingi ni mtu aliyeshika kiinua mgongo chake, au mke na mume waliojinyima miaka mingi kuweka akiba. Fedha hizo haziji mara mbili. Nyumba ya kupangisha ni biashara nzuri kwa anayeijua, lakini ni biashara yenye kazi, matumizi na hatari, na karibu hatari zote hizo zinaweza kupimwa kabla hujatia sahihi. Nimeona nizieleze kwa namba.

Chukua nyumba inayouzwa 100,000, kwa sarafu yoyote ile, na inayopangishwa 800 kwa mwezi. Tangazo litazidisha mara 12, lipate 9,600, kisha liseme faida ni asilimia 9.6 kwa mwaka. Sasa anza kutoa. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja katika mwaka, 800 zimeondoka. Kwa madeni ya kodi ambayo hayatalipwa kamwe, weka 200. Kilichoingia mkononi ni 8,600. Msimamizi anayekusanya kodi na kuhangaika na mafundi hulipwa sehemu ya makusanyo. Tukimpa asilimia 10, ni 860. Hata kama utasimamia mwenyewe, weka namba hiyo, maana siku ukiugua au ukihamia mbali utamhitaji. Matengenezo madogo, yaani koki, vitasa, swichi na mabomba yaliyoziba, 800. Akiba ya matengenezo makubwa, 1,000. Bima 300. Kodi ya majengo 400. Usafi, taa za nje na ulinzi, 340. Matumizi yote ni 3,700, na kinachobaki ni 4,900.

Tena nyumba yenyewe haikukugharimu 100,000. Wakili, mthamini, uhamisho wa hati na ada za serikali hula asilimia kadhaa ya bei. Tukiweka 6, umetoa 106,000. Gawanya 4,900 kwa 106,000 upate asilimia 4.6, chini ya nusu ya ile iliyotangazwa, na hapo kodi ya mapato bado haijakatwa. Nyumba yako itakuwa na namba zake, lakini mistari ni hiyo hiyo. Ukiona hesabu ya dalali haina mstari wa miezi tupu wala wa matengenezo makubwa, ujue hujaonyeshwa hesabu, umeonyeshwa tangazo.

Mkopo ukiingia, mambo hugeuka haraka. Ukikopa 70,000 kati ya hizo 100,000 kwa riba ya asilimia 9, ulipe kwa miaka 15, rejesho ni takriban 710 kwa mwezi, au 8,520 kwa mwaka. Katika mwaka wa kwanza karibu 6,200 ya fedha hizo ni riba tupu. Nyumba inakuachia 4,900, benki inataka 8,520. Tofauti ya 3,620 inatoka mfukoni mwako kila mwaka, kwenye mshahara au kwenye pensheni. Na kama riba ya mkopo huo inapanda na kushuka na soko, ikifika asilimia 11 rejesho linakuwa karibu 796, yaani kodi yote ya mwezi inaishia benki kabla hujanunua hata koki moja. Kupanda kwa namna hiyo si jambo la kubuni. Benki kuu ya Marekani ilitoa riba yake karibu na sifuri mwezi Machi 2022 ikaifikisha kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023, na wakopaji wa nchi nyingi waliuona uzito wake kwenye marejesho yao.

Kipimo wanachotumia wakopeshaji makini ni kwamba kinachobaki baada ya matumizi kizidi rejesho walau kwa robo. Kwa nyumba yetu, 4,900 gawanya kwa 1.25 ni 3,920 kwa mwaka, na rejesho hilo, kwa riba ile ile ya asilimia 9 na miaka 15, linabeba mkopo wa takriban 32,000 tu. Kwa maneno mengine, nyumba hii inaweza kujilipia theluthi ya bei yake. Anayekuambia italipa theluthi mbili hajapiga hesabu, au amepiga akanyamaza.

Sarafu ya mkopo nayo itazamwe. Kukopa kwa fedha ya kigeni kwa sababu riba yake ni ndogo, huku wapangaji wakilipa kwa fedha ya nyumbani, ni kubeba hatari ya pili juu ya ile ya nyumba. Familia nyingi za Poland na Hungary zilikopa kwa faranga za Uswisi kwa ajili ya nyumba. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kuizuia faranga isipande dhidi ya yuro, na siku hiyo hiyo faranga ikaruka. Huko Poland, waliokuwa bado na mikopo hiyo waliona deni lao, likipigwa kwa sarafu ya nyumbani, limeongezeka bila wao kukopa chochote.

Nirudi kwenye ule mstari wa akiba ya matengenezo makubwa, kwa sababu ndio unaorukwa kuliko yote. Watu huweka asilimia 1 ya bei kwa mwaka kwa mazoea, nami nimeiweka hapo juu kwa kurahisisha. Njia sahihi ni kuorodhesha vitu vinavyochakaa, kila kimoja na gharama ya kukibadilisha, kisha kugawanya kwa miaka iliyobaki. Neno lenye uzito hapo ni iliyobaki. Paa la kugharimu 12,000 linalodumu miaka 25, likiwa jipya, linadai akiba ya 480 kwa mwaka. Ukinunua nyumba ambayo paa lake lina miaka 18, umebakiwa na miaka 7 ya kukusanya fedha zile zile, na kwa mwaka unahitaji zaidi ya 1,700. Muuzaji ameitumia miaka 18 ya paa bila kuweka kitu, wewe unalipa. Fanya hivyo hivyo kwa pampu, matangi, hita za maji, nyaya, mabomba, rangi ya nje na milango. Ukishapata jumla, itumie kupunguza bei wakati wa kununua, maana baada ya hapo hakuna wa kumdai. Na akiba hiyo ikae kwenye akaunti yake, isichanganywe na fedha za matumizi ya nyumbani.

Lakini adui mkubwa wa jengo la kupangisha ni maji. Lawama huwaendea wapangaji, ilhali mpangaji mharibifu huvunja kitasa au huchafua ukuta, na maji huangusha dari.

Tazama bafu la ghorofani. Watu wengi wanaamini vigae ndivyo vinavyozuia maji. Vigae na saruji iliyojazwa katikati yake hupitisha maji kidogo kidogo kila siku. Kinachozuia ni tabaka la dawa ya kuzuia maji lililopakwa chini ya vigae, nalo linatakiwa lipande ukutani walau sentimita 15 pande zote, na pale pa kuogea lipande hadi juu ya kichwa cha bomba la mvua. Fundi mwenye haraka hulipaka sakafuni akaishia kwenye kona, palepale ambapo sakafu na ukuta huachana na ufa huanza. Muda ukipita, doa la rangi ya chai hutokea kwenye dari ya mpangaji wa chini. Mwenye nyumba hupaka rangi juu yake. Doa hurudi, hupakwa tena, na wakati wote huo maji yamefika kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, kwani kutu hujaza nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Zege halivumilii kutanuliwa kutoka ndani, hivyo hupasuka kwa mstari unaofuata nondo, kisha vipande huanza kudondoka. Kazi iliyokuwa ya kung'oa vigae vya bafu moja na kupaka tabaka upya inakuwa kazi ya kuegemeza sakafu, kuchimbua zege bovu, kusafisha chuma au kuongeza kingine, na kuwatoa wapangaji wa juu na chini bila kodi mpaka iishe.

Kulipima bafu kabla ya kununua hakuhitaji mashine. Ziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa na mfuko wa plastiki, weka ukingo mdogo mlangoni, jaza maji ya kina cha sentimita 2 hadi 3, weka alama ukutani kwa penseli, acha saa 24. Kesho yake tazama alama, kisha nenda chini ukaguse dari. Maji yakipungua kidogo tu na dari ikiwa kavu, sawa. Dari ikiwa na unyevu, bei ibadilike au uondoke. Muuzaji akikataa kipimo hiki, naye amekupa jibu.

Chooni, tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi la kuvutia maji na usivute kwa dakika 20. Rangi ikionekana kwenye bakuli, kizibo cha ndani kinavuja. Uvujaji huo hausikiki vizuri lakini unaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku, na kama maji yamo ndani ya kodi, bili ni yako. Kisha funga koki zote za nyumba, soma mita ya maji, subiri saa mbili bila mtu kutumia maji, usome tena. Mita iliyosogea inasema kuna bomba linalovuja ukutani au ardhini.

Maji taka yana sheria yake ya mteremko. Bomba la milimita 100 linataka kushuka takriban sentimita moja na nusu hadi mbili na nusu kwa kila mita. Likilazwa karibu tambarare, uchafu hubaki njiani na kuziba kila baada ya wiki chache, na hakuna kuzibua kutakakoponya kosa hilo. Siku ya ukaguzi funua vifuniko vya chemba, vuta vyoo vyote kwa pamoja, utazame maji yanavyopita. Yakisimama au yakirudi nyuma, uliza fundi gharama ya kufukua. Uliza pia tangi la maji taka lina ujazo gani na lilijengwa kwa ajili ya watu wangapi, kwa sababu jengo lililoongezwa vyumba mara nyingi huachwa na tangi lile lile la awali.

Nje, ardhi inatakiwa iteremke kutoka ukutani, kama sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Ikiinamia nyumba, maji ya mvua hukaa kwenye msingi. Unyevu unaopanda kutoka chini huacha mstari wa chumvi nyeupe na plasta inayobanduka, kwa kawaida chini ya mita moja kutoka sakafuni. Jihadhari na chumba kilichopakwa rangi mpya nusu ya chini tu. Rangi zinazosemwa kuwa za kuzuia maji, zikipakwa juu ya ukuta ulioloa, hufungia unyevu ndani, nao hutokea mahali pengine au hubandua rangi yenyewe kwa msimu mmoja.

Nyufa ndogo kama unywele kwenye plasta si habari. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, au unaotoka kwa mshazari kwenye kona ya dirisha, na ukapanuka zaidi ya milimita 5, ni wa mhandisi, wala usikubali fundi rangi auzibe kabla hajauona.

Umeme sitausemea sana, kwa kuwa kazi yake ni ya fundi mwenye leseni na ripoti yake iwe ya maandishi. Mwombe tu akuambie mambo matatu: kama udongoni kuna waya wa kupeleka hitilafu chini na umepimwa, kama kuna kikata umeme cha miliampia 30 kinachomlinda mtu asipigwe na shoti, na kama unene wa nyaya za soketi unalingana na breka zilizowekwa. Breka kubwa juu ya waya mwembamba ni moto unaosubiri wapangaji wawashe pasi na jiko la umeme kwa pamoja.

Wengi hununua jengo lenye wapangaji tayari na kuona wamepata nafuu. Nafuu ipo, ila kodi iliyoandikwa kwenye orodha ya muuzaji isipokewe hivihivi. Kuna majengo yanayojazwa watu kwa muda ili yauzike, kwa kodi iliyopambwa na miezi ya kwanza kusamehewa kimyakimya. Omba mikataba halisi, risiti au taarifa za benki za miezi 12, na karatasi moja kwa kila mpangaji, yenye sahihi yake mwenyewe, inayosema analipa kiasi gani, amelipa hadi tarehe ipi, aliweka amana kiasi gani, mkataba wake unaisha lini, na kama ameahidiwa chochote. Amana zote zihesabiwe na zikatwe kwenye bei siku ya malipo, kwa sababu siku wapangaji watakapohama watakudai wewe. Sambamba na hilo, upekuzi wa hati ufanywe kwenye ofisi ya ardhi yenyewe na si kwa nakala aliyoleta muuzaji, mipaka ipimwe na mpimaji, na ithibitishwe kwamba vyumba vya nyongeza vina kibali. Chumba kisicho na kibali kinaweza kuamriwa kubomolewa, na kodi yake ilikuwa imo kwenye bei uliyolipa.

Kuhusu kumchagua mpangaji, haraka ndiyo inayogharimu. Kodi isizidi theluthi ya kipato chake, na kipato kithibitishwe kwa karatasi. Mpigie mwenye nyumba wa sasa, lakini mpigie na yule wa kabla yake, kwani wa sasa anaweza kumsifia mpangaji msumbufu ili aondokewe naye. Maswali yawe ya kujibika: alilipa tarehe ngapi, alitoa notisi, ungempokea tena? Vigezo viwe vilevile kwa kila mwombaji na viandikwe. Kumkataa mtu kwa kabila, dini au kwa kuwa ana watoto ni dhuluma, na katika nchi nyingi ni kosa la kisheria.

Mpangaji mzuri akishapatikana, ni mali. Fikiria nyongeza ya kodi kutoka 800 hadi 850. Inakuletea 600 zaidi kwa mwaka. Mpangaji akihama kwa sababu yake, unapoteza mwezi mmoja tupu, 800. Rangi na marekebisho, tuseme 250. Ujira wa dalali, nusu mwezi, 400. Jumla 1,450, na kwa 600 za mwaka utahitaji karibu miaka miwili na nusu kurudi pale ulipokuwa. Kodi ipande, kwa sababu gharama zinapanda, ila ipande kidogo kidogo, kwa taarifa ya mapema, na baada ya kuangalia vyumba vinavyofanana vinapangishwa kwa kiasi gani kweli, si kwa kiasi gani vinatangazwa.

Mpangaji akichelewa, ukimya wa wiki tatu ndio unaozaa deni la miezi mitatu. Siku ya pili baada ya tarehe, ujumbe wa kumkumbusha. Wiki ikiisha, barua. Akiwa na shida ya kweli, mkubaliane kwa maandishi atalipa kiasi gani na lini, nanyi wote mtie sahihi. Hilo likishindikana, toa notisi kwa namna sheria inavyotaka, pamoja na ushahidi kwamba aliipokea. Usibadilishe kufuli, usikate maji au umeme, usitoe vyombo vyake nje. Sheria za nchi nyingi zinakataza, na mwenye nyumba aliyedai miezi minne hujikuta yeye ndiye anayelipa fidia. Pia uliza wakili kabla hujapokea malipo ya nusu baada ya notisi kutolewa, kwa kuwa mahali pengine kupokea huko kunaifuta notisi na unaanza upya. Kesi huchukua miezi, ndiyo maana akiba ya miezi mitatu hadi sita ya rejesho na matumizi iwepo kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia.

Amana huleta ugomvi ambao karatasi mbili zingeuzuia. Siku ya kuingia, pitieni chumba kwa chumba na mpangaji, mwandike hali ya kila ukuta, kigae, kitasa na dirisha, mpige picha zenye tarehe, msome mita, mhesabu funguo, kila mmoja abaki na nakala iliyosainiwa. Siku ya kutoka mrudie karatasi ile ile. Uchakavu wa kawaida ni wa mwenye nyumba. Uharibifu ni wa mpangaji, tena kwa thamani iliyobaki. Rangi ya ndani ikihesabiwa kudumu miaka 4, na mpangaji aliyekaa miaka 3 ameiharibu, unachoweza kumdai kwa haki ni robo ya gharama. Anayekata amana yote kwa ajili ya rangi anamdhulumu mtu ambaye mara nyingi anaihitaji fedha hiyo kuingia nyumba nyingine wiki hiyo hiyo. Fedha ya amana si yako, ikae pembeni.

Bima ina mitego miwili. Wa kwanza ni kuweka thamani ndogo ili kupunguza ada. Jengo ambalo kulijenga upya ni 80,000, ukilikatia bima ya 40,000, moto ukila sehemu ya 20,000 kampuni nyingi zitalipa 10,000 tu, kwa sababu ulikata bima ya nusu na wanalipa nusu ya hasara. Wa pili ni nyumba tupu: mikataba mingi hupunguza au huondoa kinga nyumba ikikaa bila mtu siku 30 au 60, wakati ambao bomba likipasuka hakuna wa kuliona. Uliza pia kama bima inafidia kodi inayopotea jengo likitengenezwa.

Sheria nazo hubadilika ukiwa ndani. Februari 2020 jiji la Berlin liliweka ukomo wa kodi za nyumba nyingi. Aprili 2021 mahakama ya katiba ya Ujerumani ikatangaza kuwa sheria hiyo ni batili. Kwa muda huo wote wenye nyumba hawakujua watoze ipi, na wapangaji hawakujua kama watadaiwa tofauti. Siwalaumu wanaotaka kodi zinazolipika. Nasema tu kwamba hesabu inayosimama endapo kodi itapanda kila mwaka, na kuanguka isipopanda, ni hesabu dhaifu. Vivyo hivyo kwa mtaa unaotegemea chuo kimoja au kiwanda kimoja: kikihama, nyumba zote huwa tupu kwa wakati mmoja, na kodi hushuka kwa wote.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Nyumba haiuzwi kwa wiki moja ukipatwa na dharura ya hospitali. Gharama za kununua asilimia 6 na za kuuza tuseme 5 ni 11,000 kwenye nyumba yetu, zaidi ya miaka miwili ya ile 4,900. Bei isipopanda, aliyeuza ndani ya miaka miwili amefanya kazi ya kuwalipa madalali na mawakili. Huwezi pia kuuza dirisha moja ulipie ada ya shule. Kwa hiyo fedha ambayo utaihitaji ndani ya miaka mitano isiingie humo.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwa gazeti lako ni dogo na linawezekana. Tangazo lolote la nyumba ya kupangisha linalotaja faida lidaiwe mistari minne: kodi iliyokusanywa kweli katika miezi 12 iliyopita, miezi ambayo vyumba vilikuwa tupu, matumizi ya mwaka kwa jumla, na umri wa paa na mabomba. Muuzaji mkweli anazo namba hizo kwenye daftari lake. Asiyekuwa nazo atangaze bei na idadi ya vyumba tu, aache neno faida.

Wako,
Msimamizi wa majengo ya kupangisha